Aulizaye shauri anadaiwa nini?

Huko Uingereza, halmashauri ikitaka kupiga mistari miwili ya manjano mbele ya lango la shule ya kijiji ili magari yasiegeshwe hapo, haiwezi kutuma mafundi na ndoo za rangi wakamaliza kazi asubuhi moja. Mstari usio na amri ya kisheria nyuma yake ni rangi tu, na hakuna anayeweza kutozwa faini kwa sababu ya rangi. Amri hiyo hutolewa chini ya sheria ya barabara ya mwaka 1984, na sheria hiyo pamoja na kanuni za mwaka 1996 ziliweka utaratibu wake kwa England na Wales: polisi watakwe ushauri, tangazo litolewe katika gazeti la eneo, sababu zielezwe, kisha wananchi wapewe siku zisizopungua 21 za kuandika pingamizi zao. Pingamizi zikija, halmashauri haina ruhusa ya kuzitupa kapuni. Lazima izizingatie, na ikiamua kuendelea, imwandikie aliyepinga na kumweleza kwa nini hoja yake haikukubaliwa.

Msomaji wa Kariakoo au wa Kisauni huenda akacheka. Barua zote hizo kwa ajili ya mita thelathini za rangi! Kwetu mtu huamka akakuta kizuizi cha mawe kimewekwa usiku, na wa kumuuliza hayupo. Lakini ndani ya jambo hili dogo limo swali ambalo si dogo hata kidogo, nalo ni letu kama lilivyo lao. Anayemtaka mwenzake shauri, anadaiwa nini naye? Na yule ambaye hakuulizwa kabisa, naye ana dai gani?

Kwanza tulitazame lango lenyewe. Shule nyingi za vijiji vya England ni majengo ya karne ya 19, baadhi yakiwa yamejengwa na kanisa na mengine baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1870, katika zama ambazo mtoto alikwenda shule kwa miguu yake na motokaa haikuwa imezaliwa. Jengo limekaa ukingoni mwa njia nyembamba. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili nyumba za zamani zisizo na pa kuwekea gari, na pengine hakuna hata njia ya waendao kwa miguu. Mchana kutwa pametulia. Lakini saa tatu kasorobo asubuhi, na tena alasiri wakati wa kutoka, njia hiyo hujaa magari mpaka juu ya majani. Mengine husimama kwenye kona, mengine yamepanda ukingo, na mengine yanarudi nyuma dereva akiangalia kioo huku akiwaaga watoto. Mtoto wa miaka 6 anayetaka kuvuka hutokeza kati ya magari mawili yaliyosimama, na kimo chake hakifiki kwenye kioo cha dirisha. Dereva anayepita hamwoni mpaka awe amekwisha kutia mguu barabarani.

Magari hayo yametoka wapi? Sehemu ya jibu ni sera. Sheria ya elimu ya mwaka 1988 ilipanua uhuru wa mzazi kuchagua shule mbali na kwake, na shule ndogo zilizofungwa ziliwapeleka watoto kijiji cha jirani. Tangu mwaka 1944 kipimo cha usafiri wa bure kimekuwa maili 2 kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 na maili 3 kwa aliyezidi hapo; anayekaa ndani ya kipimo hicho, kwa kawaida safari ni ya mzazi wake. Sehemu nyingine ya jibu ni hofu. Utafiti wa Mayer Hillman na wenzake uliotolewa mwaka 1990 ulionyesha kwamba katika England mwaka 1971, katika kila watoto 100 wa miaka 7 na 8, 80 walikwenda shule bila kusindikizwa na mtu mzima. Mwaka 1990 walikuwa wamebaki 9.

Katika miaka 19 tu! Na ukimuuliza mzazi kwa nini anampeleka mtoto kwa gari, atakujibu kwamba barabara ni ya hatari, magari yamezidi. Hasemi uongo. Ila gari lake limo katika hesabu ya yale anayoyaogopa, na mzazi wa nyuma yake anaogopa gari la huyu. Kila mmoja anamlinda mwanawe dhidi ya kinga ya mwenzake.

Sasa halmashauri inasema ipige mistari. Barua zinaanza kumiminika, na tuwe waadilifu, si zote ni za watu wabinafsi. Yupo mzee anayekaa mkabala na shule ambaye muuguzi humjia kila asubuhi na vifaa vyake. Mistari ikipigwa, muuguzi ataegesha wapi? Yupo mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea hatua nyingi. Yupo mwenye duka, duka pekee lililobaki kijijini, ambaye mauzo yake ni ya wale wanaosimama dakika kumi wakinunua mkate. Wapo wakazi wa njia ya pili wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba magari hayatapotea bali yatahamia mlangoni kwao. Na yupo anayesema mistari ya manjano itauharibu uzuri wa kijiji cha kale. Huyu wa mwisho usimcheke haraka, maana kanuni zao zenyewe zinamjua: katika maeneo yanayohifadhiwa huruhusiwa kupiga mistari myembamba zaidi, ya milimita 50, na ya manjano iliyofifia.

Waislamu wa miji ya Uingereza, wakiwamo ndugu zetu waliotoka pwani hii, wanaijua kesi hii kutoka upande wa pili wa ukuta. Siku ya Ijumaa wao ndio wenye magari, na jirani wa msikiti ndiye mwenye kuandika barua.

Basi halmashauri imeuliza. Imejifunga kwa lipi? Waingereza walilijibu swali hili mahakamani, na kwa bahati kesi yenyewe ilihusu shule. Mwaka 1985, katika shauri la mzazi mmoja dhidi ya halmashauri ya Brent, London, juu ya mipango ya kufunga na kuunganisha shule, wakili Stephen Sedley alitoa masharti manne ya mashauriano ya haki na jaji akayakubali. Uulize wakati uamuzi bado haujaiva. Utoe sababu za kutosha ili anayeulizwa aweze kufikiri na kujibu. Umpe muda wa kutosha. Na majibu yakija, uyatie moyoni kwa dhati kabla ya kuamua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliyathibitisha masharti hayo katika kesi iliyohusu halmashauri ya Haringey, ambayo ilikuwa imewauliza wananchi wa kipato cha chini kuhusu kupunguziwa msaada wao wa kodi bila kuwaeleza kwamba zilikuwapo njia nyingine. Mahakama ikasema mashauriano yale hayakuwa halali. Hata hivyo haikuamuru yarudiwe, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha kupita. Wananchi walishinda kesi na hawakupata walichokidai, jambo ambalo wasomaji wa magazeti ya kwetu hawatahitaji kufafanuliwa.

Ukiyatazama masharti hayo manne utaona hayana lolote la kigeni. Lugha yetu inayo yote. Wasomaji wa safu hii wamelijua neno shura tangu madrasa, na shauri tunalolisema kila siku ni ndugu yake. Shauri ni rai unayompa mtu. Shauri pia ni kesi iliyo mbele ya hakimu. Halmashauri imelibeba neno hilo ndani ya jina lake, itake isitake. Halafu ipo ile kauli tunayomwambia mtu tuliyekwisha kumwachia mambo yake: shauri yako! Nadhani ubaya wote wa mashauriano ya uongo umo katika mwendo huo. Unamwita mtu kwa shauri, unamkalisha kitini, unamwandika jina, na mwisho wa kikao unachomwambia, kwa maneno mengine ya adabu, ni shauri yako.

Wapo wanaosema kwamba kuuliza kwa uongo kuna afadhali kuliko kutokuuliza, angalau watu wametoa dukuduku. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtawala asiyeuliza amekunyima sauti na kila mtu anajua hivyo, na lawama inabaki kwake. Anayeuliza akiwa amekwisha kuagiza rangi amechukua zaidi. Amechukua jioni yako uliyokaa kuandika, na amechukua ridhaa yako akaitia katika taarifa yake: wananchi walishirikishwa. Kesho ukilalamika utaambiwa ulikuwapo. Kenya iliuandika ushiriki wa wananchi katika ibara ya 10 ya Katiba yake ya mwaka 2010, na tangu hapo mahakama za nchi hiyo zimeulizwa mara nyingi swali lile lile la Brent, kwamba watu walisikilizwa au waliitwa tu. Sisi wengine tunazo orodha za mahudhurio.

Hata hivyo lipo kosa la upande wa pili, nalo ndilo ninalotaka kulikawilia, kwa kuwa mara nyingi husemwa na watu wenye nia njema. Ni lile la kudhani kwamba kuuliza shauri ni kupiga kura. Barua 60 zimepinga mistari na 14 zimeunga mkono, basi mistari ifutwe, na asiyeifuta amewadharau watu.

Tujiulize, barua hizo zimeandikwa na nani? Huandika mwenye nafasi ya kuandika, mwenye lugha ya ofisi, mwenye nyumba pale pale, na zaidi ya yote mwenye kujua kwa hakika atapoteza nini. Hasara ya mistari ina jina na anwani. Ni gari langu, ni mlango wangu, ni kuanzia Jumatatu ijayo. Faida yake haina mwenyewe. Mtoto ambaye hakugongwa hajui kwamba hakugongwa. Hakuna atakayeandika barua kusema mimi ndimi niliyesalimika pale kwenye kona mwaka kesho. Mama yake hawezi kuandika, kwa sababu hajui kama ni wake au wa jirani. Hata baada ya miaka 10 ya usalama, wenye kukereka watakuwa wanajulikana kwa majina, na waliookoka hawatajulikana kamwe. Hesabu ya barua katika jambo kama hili huegemea upande mmoja kabla ya barua ya kwanza kufika.

Na tena watoto wenyewe wako wapi? Kanuni zile za mwaka 1996 zilipotungwa ziliorodhesha watu wa kutakwa ushauri kabla ya amri kutolewa. Vyama viwili vya wasafirishaji wa mizigo vimetajwa kwa majina yao, mwenye malori asikose kusikika. Mtoto wa shule hakutajwa. Anaangukia katika lile fungu la jumla la wengine wanaoweza kuguswa, ikiwa halmashauri itaona inafaa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uingereza na Tanzania zote ziliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na rai asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Sijui jambo gani linamhusu mtoto wa miaka 7 kuliko njia ya kumfikisha darasani akiwa na miguu yake miwili.

Atasema msomaji: kama barua hazihesabiwi, na wanaohusika zaidi hawaandiki, si bora waachiwe wahandisi waamue? Hapana. Mhandisi anakuja siku mbili na kitabu chake cha vipimo. Hajui kwamba gari la taka hupita Jumanne saa ile ile ya shule, kwamba mvua ikinyesha ukingo wa kushoto hugeuka tope na watoto wote huhamia katikati ya njia, kwamba wakati wa likizo hapana hata gari moja na hivyo mistari ya kutwa nzima ni adhabu bila kosa, saa moja asubuhi na saa moja alasiri zingetosha. Haya anayajua yule mzee wa mkabala. Kwa hiyo barua moja yenye jambo ambalo halmashauri haikulijua ina uzito kuliko barua 60 zilizonakiliwa kutoka karatasi moja, na hata ikiwa peke yake inaweza kubadilisha mpango mzima. Ndiyo maana ya kuuliza. Pamoja na hilo lipo la heshima: utakayemtwisha mzigo, msimamie usoni umwambie sababu. Muuguzi wa yule mzee anaweza kutafutiwa kibali. Mama wa mtoto asiyetembea anaweza kuwekewa nafasi yake. Mwenye duka pengine hatapata alichotaka, na anastahili kuambiwa hivyo wazi, kwa hoja, kwa barua yenye jina lake.

Deni halipo upande mmoja tu. Anayeulizwa naye anadaiwa. Anadaiwa kusema anachokijua na kulitaja ovyo lake kwa jina lake. Mtu asiyetaka kutembea mita 200 aandike kwamba hataki kutembea mita 200. Asiandike kwamba anahofia usalama wa watoto watakaolazimika kutembea mita 200. Kitabu chao cha kanuni za barabarani tayari kinamwambia dereva asisimame karibu na lango la shule wala ndani ya mita 10 za njia panda, mistari iwepo isiwepo. Kila anayesimama hapo anajua, na kila mmoja ana dakika zake mbili tu. Ukizikusanya dakika mbili za watu 40 unapata saa nzima na zaidi ya hatari, ambayo hakuna hata mmoja anayekubali kuwa ni yake.

Ipo njia nyingine katika sheria yao, ya amri ya majaribio. Halmashauri huifunga njia au kuzuia maegesho kwanza, kwa muda usiozidi miezi 18, na watu huandika pingamizi katika miezi 6 ya mwanzo huku wakiona kwa macho kinachotokea. Mitaa mingi inayofungwa magari saa za shule imeanza hivyo. Mawazo yenyewe husemwa yalitokea Bolzano, Italia, mwaka 1989. Kwa haraka utaona hii inavunja sharti la kwanza la Brent, kwa kuwa wametenda kabla ya kuuliza. Mimi naiona ni njia ya uaminifu zaidi, kwa sharti moja. Kabla ya kuanza, mkazi wa njia ya pili anatabiri msiba na halmashauri inatabiri neema, na wote wawili wanabuni. Baada ya miezi 3 kila mmoja ana jambo la kusema alilolishuhudia. Sharti ni kwamba jaribio liweze kweli kuondolewa. Vizuizi vilivyojengwa kwa zege na bajeti ya mwaka ujao iliyokwisha kupitishwa si majaribio.

Kuhusu watoto, halihitaji sheria mpya. Yale matangazo ya kwenye nguzo za taa yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kutoka mpaka wa kaskazini wa nyumba fulani kuelekea kusini kwa mita kadhaa, na hubandikwa kwa kimo cha mtu mzima. Lakini zipo shule katika kaunti kadhaa ambazo tayari zina wanafunzi walioteuliwa kuwa wasimamizi wadogo wa usalama barabarani. Mwalimu achukue saa moja, wiki moja kabla tangazo halijatoka, awape ramani ya kijiji na kalamu nyekundu, watie alama mahali wasipoiona barabara wanapotaka kuvuka. Ramani hiyo iingie katika faili la halmashauri pamoja na barua za watu wazima, na diwani atakayepiga kura aifungue kwanza.